Shanga: misikiti iliyolala chini ya msikiti

Upande wa kusini wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu nchini Kenya, kuna magofu ya mji uitwao Shanga. Hakuna mtu aliyeishi humo tangu karne ya 15. Kuna mabaki ya karibu nyumba 200 za mawe, mamia ya makaburi, ukuta wa mji, na katikati yake kuta za msikiti wa Ijumaa. Mibuyu na vichaka vimejiotea humo, na mikoko imeziba sehemu kubwa ya pwani yake.

Kwa mtu aliyewahi kuona magofu ya Gedi au ya Kilwa Kisiwani, msikiti huu hautamshangaza. Si mkubwa, hauna kuba, na paa lake lilianguka zamani. Kilichofanya wataalamu wa historia duniani walijue jina la Shanga hakionekani kwa macho. Kiko chini ya sakafu.

Kati ya mwaka 1980 na 1988, mwanaakiolojia Mwingereza Mark Horton aliongoza uchimbuzi mahali hapo akishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Walipochimba chini ya msikiti wa mawe walikuta msikiti mwingine wa mawe, wa zamani zaidi. Chini ya huo hapakuwa na mawe tena. Palikuwa na alama za majengo ya miti, moja juu ya jingine, na yote yalikuwa mahali palepale. Jengo la chini kabisa ambalo wachimbaji walilitambua kuwa msikiti linakadiriwa kuwa la mwaka 780 hivi, yaani kama miaka 150 tu baada ya Mtume Muhammad kufariki.

Ili tupate kipimo: msikiti mkuu wa Córdoba nchini Hispania, ule wenye msitu wa nguzo za marumaru unaoonekana kwenye picha za kalenda, ulianza kujengwa mwaka 785. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo ulikamilika mwaka 879. Kwa hiyo wakati mafundi wa Córdoba wanasimamisha marumaru zao, huku Pate palikuwa na watu wachache wakiswali ndani ya kibanda cha miti. Ni kizazi kimoja.

Swali lililokuwa likibishaniwa

Kwa nini jambo hili lilileta mjadala mkubwa? Kwa sababu kwa muda mrefu vitabu vya historia vilieleza miji ya pwani kwa namna moja. Vilisema kwamba Waarabu na Waajemi walivuka bahari, wakateremka ufukweni, wakajenga miji ya mawe na misikiti, na Waafrika wakaja baadaye kuishi pembeni yake. Wengi wetu tulisomeshwa hivyo shuleni. Waandishi wa enzi ya ukoloni waliipenda hadithi hiyo, kwani iliwawezesha kusema kwamba kila kitu cha maana katika Afrika kililetwa na mgeni.

Hadithi hiyo ilikuwa na msaada wake hata kwa wenyeji. Masimulizi ya Kilwa yanazungumzia wana wa mfalme waliotoka Shiraz. Familia nyingi za pwani zina nasaba zinazoishia Uarabuni au Uajemi, na watu wanazitunza kwa heshima. Hakuna aliyezibuni ili kuwafurahisha wakoloni.

Lakini ikiwa miji ililetwa na wageni ikiwa kamili, basi ukichimba chini ya mji wa mawe unapaswa kukuta mchanga mtupu. Au ukute mji wa mawe wa zamani zaidi, wenye vyungu na vifaa vya kigeni tangu siku ya kwanza. Shanga ilikuwa mahali pazuri pa kulijaribu jambo hili, maana mji ulihamwa na haukujengwa tena juu yake. Pale Lamu au Mombasa huwezi kuwatoa watu nyumbani kwao ili uchimbe chini ya sebule zao.

Namna shimo la nguzo linavyosoma historia

Msikilizaji aliyekulia katika nyumba ya miti na udongo ataelewa sehemu hii kwa haraka kuliko profesa wa mjini. Nyumba kama hiyo ikibomoka, udongo wa ukuta unarudi kuwa udongo na makuti yanaoza. Baada ya miaka kumi mtu anaweza kulima juu yake asijue. Ila nguzo zilizochimbiwa chini huacha alama. Nguzo ikioza au ikiungua, lile shimo lake hujaa taratibu kwa udongo wa rangi nyingine, wenye majivu au mboji, na rangi hiyo hubaki ardhini hata miaka elfu moja.

Mwanaakiolojia hakwangui ardhi kwa jembe. Anaondoa tabaka moja moja kwa mwiko na brashi mpaka zile duara nyeusi zionekane. Akiziunganisha kwenye karatasi anapata umbo la nyumba: hapa palikuwa na ukuta, hapa mlango. Umri wake unapimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkaa, ambao hupimwa maabara kwa kiasi cha kaboni kilichobaki ndani yake. Ya pili ni vigae vya vyombo vilivyotoka ng'ambo, kwa kuwa aina fulani ya kigae cha Kichina au cha Ghuba ya Uajemi inajulikana ilitengenezwa miaka gani.

Sasa, mtu anaweza kuuliza: kibanda cha miti kinajulikanaje kuwa ni msikiti? Kinaweza kuwa ghala, au nyumba ya mzee wa kijiji. Swali hilo ni la haki, na wapo wataalamu waliolirudia. Hoja za wachimbaji zilikuwa kadhaa, na nguvu yake iko katika kuziweka pamoja. Majengo yale ya miti yamefuatana moja kwa moja mpaka kuufikia msikiti wa mawe ambao hauna shaka. Hayakuhama. Jirani yake yalipatikana makaburi ya zamani ambamo maiti walilazwa kwa namna ya Kiislamu, uso ukielekezwa kibla. Na matabaka ya karne ya 9 yalitoa sarafu ndogo za fedha, nyembamba kama ukucha, zenye majina ya Kiislamu kwa herufi za Kiarabu. Sarafu hizo hazikutoka Baghdad. Zilitengenezwa hapahapa pwani.

Sarafu za jamaa hiyo zilikuja kupatikana kwa wingi mahali pengine. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, kulifukuliwa hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na chache za dhahabu. Upande mmoja wa sarafu za namna hii umeandikwa jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na pande mbili hizo zina vina. Sisi tunaona hilo ni jambo la kuchekesha kwa uzuri wake: watu wa pwani walipenda vina tangu enzi hizo, hata kwenye pesa.

Ni akina nani waliokuwa wakiswali humo?

Hapa ndipo Shanga ilipoipindua hadithi ya zamani. Katika matabaka ya chini kabisa, yale ya kijiji cha kwanza katika karne ya 8, sehemu kubwa sana ya vyungu ni vya kienyeji. Ni vyungu vyenye michoro ya pembetatu na mistari shingoni, vya aina inayopatikana pia ndani ya bara, kando ya mto Tana, na kuteremka pwani yote mpaka Comoro na Msumbiji. Wafinyanzi wake walikuwa watu wa hapa, na wataalamu wa lugha wanawahusisha na wasemaji wa lugha zilizokuja kuzaa Kiswahili na lugha za Mijikenda.

Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo. Walivua samaki, walifuga kuku na mifugo mingine, walifua chuma, na walitengeneza shanga kwa kome. Vipande vya vigae vyenye mifereji, vilivyotumika kusugulia shanga hizo mpaka zikawa duara, vimepatikana kwa wingi. (Wapo wanaodhani jina la mji limetoka hapo. Inapendeza, lakini kufanana kwa maneno peke yake si ushahidi.)

Pamoja na hayo, bidhaa za ng'ambo zilikuwepo tangu mwanzo: mitungi ya rangi ya samawati kutoka Ghuba ya Uajemi, vyombo vya Kichina vilivyopitia Ghuba hiyohiyo, na vioo. Zilikuwa chache zikilinganishwa na vyungu vya nyumbani. Zinaonyesha kijiji kilichofanya biashara na majahazi ya kaskazi. Hazionyeshi koloni la wageni.

Horton alieleza kwamba kijiji hicho kilipangwa kuzunguka kisima, na kisima hicho kilikuwa ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio wenye malango. Watu waliishi pande zote za uwanja kwa makundi ya koo. Msikiti wa kwanza wa miti ulisimama ndani ya uwanja huo. Aliufananisha na kaya za Mijikenda, ambazo ni makazi ya msituni yenye uwanja mtakatifu katikati. Wako wenzake wanaoona amefananisha kupita kiasi, kwa kuwa kaya tunazozijua leo ni za karne nyingi baadaye. Tunaona onyo lao lina maana. Hata hivyo jambo moja halibishaniwi sana: msikiti ulizaliwa katikati ya kijiji kilichokuwepo, wala si kijiji kilichozaliwa kuuzunguka msikiti.

Na ulikuwa mdogo. Ulitosha watu wachache tu, huku kijiji kikiwa na watu wengi kuliko hao. Maana yake ni kwamba Waislamu wa mwanzo walikuwa kikundi. Huenda walikuwa wafanyabiashara waliokuwa wakisubiri upepo wa kusi uwarudishe kwao. Huenda pia walikuwa watoto wa kijiji waliosilimu kwa kukaa nao. Kila msikiti ulipojengwa upya ulikuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Ukiyafuata majengo hayo kutoka chini kuja juu, unaiona dini ikiingia katika jamii nyumba kwa nyumba, bila vita na bila tarehe moja ya kuandika ubaoni.

Misikiti ile ya mwanzo haikuelekea Makka sawasawa. Kutoka Pate, Makka iko karibu kaskazini kamili, ikiegemea magharibi kidogo sana. Majengo ya miti yalikosea, na yale ya mawe yaliyofuata yalirekebishwa. Kupima kibla bila dira wala ramani halikuwa jambo rahisi. Lilihitaji mtu anayejua nyota, na mabaharia ndio waliokuwa na elimu hiyo. Misikiti mingi ya karne za mwanzo duniani, hata katika miji mikubwa, ina tofauti kama hizo.

Kutoka mti kwenda jiwe

Mtu asidhani kwamba kuswali ndani ya kibanda cha miti kulikuwa dalili ya unyonge. Msikiti wa Mtume mwenyewe mjini Madina, uliojengwa mwaka 622, ulikuwa na kuta za matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti ya mtende. Hata mihrabu ya kuingia ndani ya ukuta, ambayo leo hatuwezi kufikiria msikiti bila hiyo, ilianza kutumika Madina msikiti ulipojengwa upya katika miaka ya 707 hadi 709.

Karibu na mwaka 900, watu wa Shanga walianza kujenga kwa mawe. Jiwe lao la kwanza lilitoka baharini, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ufundi wenyewe ni wa kipekee.

Kuna matumbawe ya aina inayoota kama mabonge makubwa chini ya maji. Yakiwa hai au yametolewa tu, ni laini. Fundi anaweza kuyakata kwa shoka na kuyachonga kwa tezo karibu kama anavyochonga mbao. Yakikaa juani yanakauka na kuwa magumu, tena ni mepesi kuliko mawe ya kawaida. Kwa hiyo kazi ilianza kwa wapiga mbizi. Bamvua likitoka, watu walikwenda miambani, wakayakata mabonge, wakayapakia katika mitumbwi na kuyaleta pwani kabla hayajakauka. Fundi alitakiwa amalize kuyachonga mapema. Jiwe lililochelewa linapasua kingo.

Kuta za mwanzo ziliungwa kwa udongo, kisha zikapakwa chokaa nje na ndani. Chokaa yenyewe ilitoka baharini vilevile. Magogo ya mikoko yalipangwa kwa duara, matumbawe yakawekwa juu yake, yakachomwa usiku na mchana mpaka yakawa unga mweupe. Unga huo uliachwa upigwe na mvua kwa miezi kabla ya kutumiwa, ili ukali wake upungue. Mahali pengi pwani tanuru za namna hii ziliendelea kuwaka mpaka karne ya 20, na wazee wanaweza kuwaonyesha watoto wao yalipokuwa matanuru hayo.

Teknolojia ya kukata matumbawe ya baharini inapatikana pia pwani za Bahari ya Shamu, na wapo wanaoona mafundi wa Afrika Mashariki waliipata huko. Inawezekana. Lakini baadaye ilikua hapahapa ikawa na mitindo yake. Karne chache mbele, mafundi wa pwani walibadili mfumo: kuta nene zikajengwa kwa mawe ya nchi kavu, yaani matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba na kuchimbwa ardhini, yakiungwa kwa chokaa. Yale matumbawe laini ya baharini yakabakizwa kwa kazi za kuchonga peke yake: mihrabu, fremu za milango, matao na nakshi. Msikiti wa Ijumaa unaoonekana Shanga leo ulianza kama mwaka 1000 hivi, na umepitia marekebisho mengi katika miaka 400 iliyofuata.

Ukisimama ndani yake

Umbo lake ni la misikiti ya Kiswahili kwa ujumla, na ukiujua huu utaitambua mingine kutoka Somalia mpaka Msumbiji.

Ni chumba cha mstatili, na ukuta wa kibla uko kaskazini. Milango iko pembeni. Mtu haingii kutoka nyuma akanyoosha mpaka kwenye mihrabu kama ilivyo katika misikiti ya nchi nyingine. Ndani kuna nguzo zilizobeba paa, na paa lilikuwa bapa: boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, juu yake vipande vya mawe, kisha chokaa iliyopondwa mpaka ikashikana. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito kama huo ikivuka nafasi inayozidi sana mita tatu. Kwa sababu hiyo nyumba zote za zamani za pwani zina vyumba virefu na vyembamba, na ndiyo maana msikiti mpana ulihitaji safu nyingi za nguzo. Katika misikiti kadhaa safu moja inapita katikati kabisa, ikamficha imamu kwa baadhi ya maamuma. Mtu wa leo atasema ni kosa la mchoraji. Fundi wa wakati ule alikuwa anaangalia urefu wa boriti alizonazo.

Mnara hakuna. Muadhini alipanda darini kwa ngazi. Minara ilichelewa sana kuingia katika ujenzi wa pwani yetu. Ule unaochongoka wa msikiti wa Shela, kisiwani Lamu, ni wa mwaka 1829, na hata huo ulikuwa jambo geni.

Nje kidogo ya mlango kuna kisima na birika la kutawadhia, maji yakipitishwa kwa mfereji uliojengwa. Katika misikiti mingi ya namna hii pembeni ya birika huwekwa jiwe la tumbawe lenye mikunjo, lililokaa sakafuni kwa makusudi. Wageni hulipita bila kuliona. Ni la kusugulia nyayo kabla ya kuingia.

Ndugu zake wa pwani

Shanga haikuwa peke yake. Mwaka 916 msafiri al-Masudi alifika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wengi wanaamini ni Pemba, akakuta Waislamu wakiishi pamoja na watu wasio Waislamu. Aliandika pia jinsi pembe za ndovu zilivyotoka pwani hii kwenda Oman na kutoka huko kwenda India na China. Biashara hiyo ilibeba na watu pia, waliouzwa utumwani, na hatupaswi kuliruka hilo tunapoisifu mitungi ya samawati.

Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna msikiti ambao mpaka sasa unaswaliwa, na ukiuona kwa nje una paa la mabati kama nyumba nyingine. Ndani, ukuta wa kibla una maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yenye maua, yaliyochongwa kwenye matumbawe, yanayotaja mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika Afrika Mashariki. Msikiti wenyewe ulijengwa upya mwaka 1184 Hijria, karibu na 1770, lakini mawe yale ya zamani yaliheshimiwa yakarudishwa mahali pake. Na Kilwa Kisiwani, sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu ni ya karne ya 11 au 12, kisha Sultani al-Hasan bin Sulaiman akaupanua mno katika karne ya 14, wakati Ibn Battuta alipopita, mwaka 1331.

Kati ya yote hiyo, Shanga ndiyo inayotuonyesha hatua ya kwanza. Kizimkazi na Kilwa zinatuonyesha matajiri. Shanga inatuonyesha kijiji.

Je, wageni hawakuwa na sehemu?

Wapo waliofurahia matokeo ya Shanga mpaka wakaenda upande wa pili kabisa, wakasema habari za Shiraz ni uongo mtupu. Hilo nalo lilikuwa haraka.

Mwaka 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba kutoka mifupa ya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800. Miji hiyo ni pamoja na Manda na Faza, zilizo jirani kabisa na Shanga, na Kilwa kule kusini. Wengi wao walikuwa wamechanganyika. Kwa upande wa mama, nasaba yao ilikuwa karibu yote ya Kiafrika. Kwa upande wa baba kulikuwa na sehemu kubwa iliyotoka Asia, na hapo mwanzo hasa Uajemi. Watafiti walikadiria kwamba mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000.

Hebu tuziweke tarehe hizo kando kwa kando. Msikiti wa kwanza wa Shanga ni wa mwaka 780 hivi. Ndoa zilizoacha alama katika mifupa hiyo zilianza karne mbili baadaye. Kwa hiyo wale wazee waliosimulia kuhusu babu kutoka Shiraz walikuwa na jambo la kweli mkononi, na vilevile wale wanaosema miji ilianzishwa na Waafrika. Babu alikuja. Lakini alipofika aliukuta mji una watu, una soko, na una msikiti uliokwisha kujengwa upya mara kadhaa. Na bibi, aliyekuwa mwenyeji, ndiye aliyewalea watoto, na wakasema lugha yake. Ndiyo hii tunayoandika.

Kuhama kwa mji

Shanga ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, baada ya karibu miaka 700. Masimulizi ya Pate yanasema mji uliangushwa katika vita na watawala wa Pate. Inawezekana pia kwamba maji ya visima yaligeuka chumvi au biashara ilihamia bandari nyingine. Mambo hayo huenda pamoja.

Huko Siyu, mji wa jirani, kuna familia zinazosimulia kwamba wazee wao walikuwa mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na merikebu karibu na Shanga, wakaoa hapo, kisha wakahamia Siyu. Misafara mikubwa ya jemadari Zheng He ilizunguka Bahari ya Hindi kati ya mwaka 1405 na 1433, ikafika pwani yetu, kwa hiyo wakati unaendana. Kile ambacho hakiendani ni kusema vyombo vya Kichina vilivyopatikana Shanga vililetwa na mabaharia hao. Vingi vina umri wa miaka mia kadhaa zaidi ya safari za Zheng He. Hata lile kaburi maarufu la nguzo lililopachikwa bakuli la kijani ni desturi ya pwani nzima ya kupamba makaburi ya wakubwa, wala si kaburi la Mchina.

Hali ya magofu si ya kuridhisha. Mizizi inapasua kuta, mvua inakula chokaa, na mahali pengi pwani mawe ya zamani yamechukuliwa kujengea nyumba mpya. Wapo pia wanaochimba usiku wakitafuta dhahabu. Kwa tunayojua kuhusu Shanga, hazina yake kubwa ilikuwa ni zile duara nyeusi za udongo, na mtu mwenye sururu anaziharibu kwa pigo moja bila hata kujua amezipita. Ukikuta ukuta wa zamani, sarafu au vigae vyenye rangi shambani kwako, usiviondoe mahali pake. Mwambie chifu, mtendaji wa kijiji au ofisi ya makumbusho iliyo karibu, kwani kigae kikishahamishwa kutoka kwenye tabaka lake hakiwezi tena kusema ni cha mwaka gani.

Anayetaka kwenda Shanga apitie Siyu, kisha atembee kwa miguu na mwenyeji anayeijua njia. Ya baharini ipo pia, lakini ni mpaka maji yajae. Yakitoka, mtumbwi unabaki kwenye tope katikati ya mikoko, na utasubiri hapo hadi maji yarudi.